Njia Isiyo na Lori

Jumamosi, kwenye kibanda cha kukodisha baiskeli kando ya mto, nje kidogo ya Guangzhou, nilimkuta mama mfanyabiashara wa Dar. Jinzi alizoagiza zilikuwa zimechelewa kiwandani, na laoban, yaani bosi wa kiwanda, alimwambia akapunge upepo kwanza.

Mama akaipapasa tairi. "Nikichukua hamsini, utaniachia bei gani?"

"Mama, hizi ni za kukodi," nikamwambia.

"Mazoea, mwanangu."

Tukaondoka pamoja, mto kushoto, mashamba ya mizabibu kulia. Kila penye kona alishuka, akajibana pembeni.

"Unangoja nini, mama?"

"Lori lipite."

"Hapa magari hayaingii."

Akageuka nyuma, akatazama mbele. Akanisimulia: alipokuwa msichana, lori lilimtupa mtaroni na baiskeli yake, na tangu siku hiyo hakupanda tena hadi leo.

Kona iliyofuata hakushuka. Alipiga kengele, ingawa hapakuwa na mtu. "Alhamdulillahi!"

Simu ikaita. Alikuwa laoban. Mama akaiacha iite, akaendelea kukanyaga pedeli.

Kila siku sisi wafanyabiashara tunawalaumu malaoban kwa kutuchelewesha. Huyu wa leo, Mungu ambariki, na kesho achelewe tena.