Ukuta Aliokandika Mama

Nyumba tuliyonunua mtaa wa Black Rock, huku Buffalo, Marekani, mwaka 2015, ilikuwa nyumba ya kawaida tu. Kilichonivuta ni ua wa nyuma: umetandikwa mawe yaliyolainishwa na magurudumu ya zamani, na mwisho wake banda la farasi la matofali mekundu, lenye mlango wa tao na pete za chuma za kufungia farasi. Jiji lilituandikia barua: ua ni wa kihistoria, ukuta usiguswe bila ruhusa.

Historia yao mimi ilinihusu nini, jamani? Nilitaka banda lile liwe chumba cha mama. Magoti yalikuwa yamemwisha, na vyumba vyote vya kulala viko juu. Mwaka mzima amelala kwenye kochi sebuleni, watu wakimpita, naye anavalia nguo chooni. Mtu mzima! Afisa wa majengo ya kale angekuja Jumatatu saa nne asubuhi kukagua, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Jumapili nikamwambia mama, "Kesho tuna mgeni mkubwa." Kosa langu hilo.

Kwenye kambi ya wakimbizi tulikoishi Tanzania, humpokei mgeni ukuta ukiwa umepasuka. Unachimba udongo, unakanda, unakandika. Jumatatu saa tatu natoka dukani, namkuta mama amekaa juu ya ndoo, beseni la kufulia limejaa matope, na ukuta wa banda umekandikwa kutoka mlangoni hadi kwenye kona. Juu yake alikuwa amechora mistari ya vidole, kama ile ya nyumba yetu ya kambini.

"Mama! Umetuua!"

"Nimemtengenezea mgeni wako. Matofali yalikuwa nje kama mbavu."

"Hapa si kambini! Acha ushamba wako!"

Nilisema hivyo, kwa mdomo wangu. Nikavuta mpira wa maji nikaanza kuosha, huku nasugua kwa viganja, naangalia saa. Mistari ya vidole vyake ikashuka kama uji. Mama alisimama kwa shida, akaingia ndani bila kunawa.

Afisa alifika ukuta ungali unachuruzika. Akapitisha kidole kati ya matofali, taratibu.

"Mbona ukuta umelowa?"

"Tumeusafisha kwa ajili yako," nikadanganya.

Akacheka. Akazunguka, akapima mlango, akaandika, akasema tunaweza kuendelea, mradi ukuta wa nje ubaki ulivyo.

Nilikimbia ndani napiga vigelegele. Mama alikuwa kwenye kochi, amegeukia ukutani, udongo umemkauka mpaka viwikoni.

"Mama, amekubali! Umepata chumba!"

Hakugeuka.

"Ni mgeni wako," akasema. "Mlaze yeye humo."