Na Wenzake

Mama Tepu alianza kila kitabu kwa nyuma. Awe amepewa kitabu cha darasani, ripoti ya mkutano au kijitabu cha harusi, alilamba kidole, akafunua kurasa za mwisho na kusoma kwanza orodha ya waliotajwa na walioshukuriwa. Akimaliza huko ndipo anarudi mwanzo, kama bado ana hamu. Mumewe, alipokuwa hai, alimtania kwamba mtu wa namna hiyo akisoma gazeti atajua nani kazikwa kabla ya kujua kaugua nini.

"Niache," alimjibu. "Mbele ya kitabu wamekaa wageni wa heshima. Waliokuwa jikoni wako nyuma."

Mpwa wake, mtoto wa dada yake, aliikuta tabia hiyo tangu utotoni. Akaikuta tena ukubwani, alipoajiriwa kufundisha hesabu za biashara katika chuo kile kile cha jamii ambako Mama Mdogo wake alifundisha ushonaji. Hakikuwa chuo kikubwa. Kulikuwa na madarasa ya mabati, karakana ya useremala, chumba cha kompyuta ambacho ufunguo wake uliishi mfukoni mwa mtu asiyeonekana, na mwisho kabisa, ubavuni mwa vyoo, karakana ya ushonaji. Humo ndimo Mama Tepu alimopatia jina lake, kwa kuwa tepu ya kupimia ilikaa shingoni mwake hata siku za sherehe.

Jambo lililomnyima raha lilikuwa bega. Jedwali la vipimo lililofundishwa chuoni lilitoka katika kitabu cha zamani, kilichoandikwa kwa miili ya watu wengine. Mwanafunzi alipima, akakata, akashona bila kosa, na bado gauni lilipanda shingoni kwa nyuma na kujikunja kwapani. Walimu waliomtangulia waliwalaumu wanafunzi. Yeye alikilaumu kitabu. Akatoka na tepu yake, akapima wauza mboga, wafagia barabara, wauguzi, wabeba maji, na wasichana wa chuo wenyewe.

"Dada, unanipimia sanda?" muuza mkaa mmoja alimuuliza.

"Sanda haina bega. Simama wima."

Ilimchukua miaka. Aligundua kwamba mwanamke aliyebeba mizigo tangu utotoni ana mgongo mpana kuliko kitabu kinavyodhani, na bega lake moja limeshuka. Ukikata mabega yote mawili sawasawa, unamshonea mtu ambaye hayupo. Akatengeneza jedwali jipya, akaandika na maelezo yake.

Mkuu wa chuo alimwita ofisini. Alikuwa mtu mchangamfu, mwenye kukumbuka majina ya watoto wa watu, na ndiye pekee pale aliyekuwa na shahada ya uzamivu.

"Mama, kazi ni nzuri," alisema. "Lakini majarida hayamjui mwalimu wa cherehani. Niweke mimi mbele. Jina langu ni bahasha tu. Barua ni yako."

Alikubali. Barua isiyo na bahasha haifiki, hata yeye alilijua hilo. Jarida lilipotoka, nafasi ilikuwa imebana. Chini ya kichwa cha makala paliandikwa jina la Mkuu, kisha maneno mawili, *na wenzake*. Mama Tepu akafunua nyuma, akatafuta shukrani. Wizara ilikuwa imeshukuriwa, na wapiga chapa pia.

Chumba cha walimu hakikuchelewa.

"Habari za asubuhi, Wenzake," mwalimu wa useremala alimsalimu. "Wenzake, chai umekunywa?"

Naye alicheka nao, maana utani wa kazini ukiukasirikia huongezwa sukari. Mpwa wake hakucheka. "Mama Mdogo, nenda kamwambie Mkuu."

"Nikamwambie nini? Hakudanganya. Kwani mimi si mwenzake?"

Jedwali likatembea. Mafundi wa sokoni walilibandika ukutani, viwanda vya sare vikaliomba, na watu wakaliita Vipimo vya Mkuu. Mkuu akaalikwa huku na huko kuvieleza. Kila safari alirudi na mkoba wa kongamano, na mmoja alimpa Mama Tepu. Akawa anatunzia vifungo.

Kisha chuo kikataka kupandishwa hadhi kiwe taasisi. Wakaguzi wakatoa masharti: tafiti zitahesabiwa, na kila anayeitwa mwalimu lazima awe na makala yenye jina lake. Asiye nayo atabaki kama fundi msaidizi. Hatafundisha, atagawa vifaa na kufunga milango.

Mama Tepu akarudi mitaani. Safari hii aliwapima wazee, ambao mgongo umeanza kuinama, akaandika makala ya pili yenye jina lake peke yake. Ndani yake aliliweka lile jedwali la kwanza, kwa kuwa la pili lilishonewa juu yake. Hakuandika limetoka wapi. Haikumpitia akilini kwamba mtu hudaiwa kutaja chanzo cha jasho lake mwenyewe.

Mpwa wake alikuwa katibu wa kamati ya utafiti, hivyo aliyaona yaliyofuata. Mwenyekiti, mhadhiri aliyeazimwa kutoka chuo kikuu, aliisogeza makala mezani. Ukurasa wa jedwali ulikuwa mwekundu mtupu.

"Mama, kompyuta yetu hukagua mfanano," alisema kwa upole. "Inasema hili jedwali ni la Mkuu na wenzake."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo unakubali."

"Nakubali ni lile lile. Wenzake ni mimi."

Mtu alikohoa. Mwalimu wa useremala, aliyemwita jina hilo kila asubuhi, alikuwa akitazama kucha zake.

"Wenzake ni wingi, mama," mwenyekiti alisema. "Ungekuwa mmoja, wangeandika mwenzake. Hao wengine ni akina nani?"

"Hakuna wengine."

"Basi unaona ugumu wetu."

Mpwa aliweka kalamu chini. Akasema alimwona Mama Mdogo wake akipima, tena yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kupimwa. Mwenyekiti akatikisa kichwa. "Wewe ni damu yake. Hilo hatuwezi kuliandika." Na kwa kuwa katibu ndiye mwandishi wa kumbukumbu, hakuliandika.

Wakamgeukia Mkuu, aliyeketi mwisho wa meza. Sentensi yake moja tu ingetosha. Mama Tepu alimtazama bila kumsihi, kama anavyomtazama mteja aliyekuja kuchukua nguo yake na kiporo cha malipo anakijua. Mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Hapa sisi ni familia," alisema. "Kazi ni ya chuo. Tukianza kuulizana nani kafanya nini, leo hatutamaliza."

Watu wakapumua. Kamati ikasema imemhurumia: haitaliita wizi wa kitaaluma, italiita uzembe. Makala ikaondolewa.

Nje, mpwa alikuwa akilia kwa hasira. Mama Tepu alimfunga vizuri kifungo cha mkono wa blauzi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alimwambia. "Na nguo nimeshona mwenyewe."

Chuo kikawa taasisi. Akaletwa mwalimu kijana mwenye shahada, naye akafundisha kwa Vipimo vya Mkuu, huku Mama Tepu akigawa pini na kukusanya chaki. Wanafunzi walipomfuata pembeni wakiwa na gauni linalokunjamana, aliliangalia, akaliona kosa, akasema, "Muulize mwalimu." Zamani asingeweza kufanya hivyo. Tepu aliitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo, na haikushuka tena.

Alipolazwa, mpwa alimpelekea ripoti ya kwanza ya taasisi, yenye jalada la kung'aa. Akailaza kifuani, akalamba kidole, akaanza nyuma. Katika orodha ya wafanyakazi wasaidizi, jina lake lilikuwa limeandikwa kamili, la kwake, la baba na la babu, bila kosa hata la herufi moja. Akafunga.

Siku ya mwisho mpwa alifika wodini kutoka kazini, amevaa gauni jipya. Mama Mdogo alimwita kwa kidole asogee. Akapitisha kiganja begani pake, polepole, pale kitambaa kilipofuata mteremko.

"Nani kakushonea?"

"Fundi wa sokoni. Ana lile jedwali ukutani."

Akamgeuza. Akakagua shingo kwa nyuma, akakagua kwapa. Hapakuwa na mkunjo. Akafumba macho, hata mpwa akadhani usingizi umemchukua.

"Mwambie Mkuu," alisema, "bega limekaa."