Sufuria ya Pili

Laiti ningekataa siku ile mke wangu aliponiuliza kama anipikie sufuria yangu peke yangu. Nilikubali. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameanza kuingia Bariadi, nami nilikuwa karani wa mmoja wao, nikajiona mtu wa wali.

"Michembe ni chakula cha wachunga ng'ombe," nilimwambia, nikisukuma sahani ya viazi vikavu vilivyopikwa na karanga.

"Na wewe, Baba Watoto, mama yako alikukuza kwa chakula gani? Kwa keki?"

Alicheka, lakini tangu kesho yake kila asubuhi aliniuliza jioni nitakula nini. Dagaa sitaki, mlenda sitaki, samaki wa jana sitaki. Akitoka shambani alipitia soko la Somanda kutafuta mchele na nyama, akapika chakula changu kwanza, akaniandalia sebuleni. Kisha alisonga ugali wao, akala na watoto jikoni, wakiongea Kisukuma na kucheka.

Jioni moja nilibeba sahani yangu hadi mlango wa jikoni. Wote wakanyamaza.

"Chumvi imepungua?" aliuliza.

Nikasema ndiyo, ingawa ilitosha. Akaniongezea, nikarudi sebuleni.

Sasa ameshafariki. Watoto wakija kunisalimia hukaa jikoni, wanachemsha michembe na kusimuliana mizaha yake. Mimi sina hata mmoja wa kuongezea. Nilikula nilichotaka miaka yote ya ndoa yetu, na mke wangu sikumjua.