Mjomba Hapandi Mlima Leo

Wakati wa vita vya pili vya kwetu, sisi watu wa Uvira tulikuwa tunakimbia kila upande: wengine Burundi, wengine milimani, wengine Kamanyola kwa shemeji ambaye hakuwaalika. Samaki wa ziwa letu, wao, walikuwa wanapanda ndege. Nasema kweli, na mpaka leo inaniudhi. Ziwa Tanganyika lina samaki wadogo wanaoishi katikati ya mawe, wa njano, wa buluu, wa mistari, ambao hata paka wa mtaani Kasenga hawawataki kwa sababu ni miiba mitupu. Lakini Ulaya kuna watu wanawafuga ndani ya masanduku ya vioo na kuwatazama jioni wakitoka kazini. Vita au hakuna vita, watu wale walitaka samaki wao, na aliyezama kuwakamata alikuwa mjomba wangu, mdogo wake mama.

Kazi hiyo alifundishwa na Mzungu mmoja aliyekuwa na nyumba ya kuuza samaki hao nje, kule Bujumbura. Mzungu alipoondoka alimwachia mjomba boti ya mbao, kompresa ya kujaza hewa, mitungi yake na nguo nyeusi ya mpira. Nguo ilikuwa imekatwa kwa kipimo cha Mzungu, mtu mwembamba asiye na makalio. Mjomba alikuwa na tumbo la mtu anayependwa nyumbani. Kila asubuhi nilimpaka povu la sabuni kuanzia shingoni, halafu tunavuta, yeye upande wake mimi upande wangu, mpaka tumbo linaingia kwa kishindo. Ndiyo maana mjomba alizama kila siku akinukia kama shuka iliyofuliwa.

Tuliishi ndani ya boti ile majuma mazima, tukishuka pwani ghuba kwa ghuba, kutoka Uvira hadi rasi ya Ubwari. Tulikuwa watu watatu. Mjomba alizama. Mimi nilipika, niliwasha kompresa na kuwabadilishia samaki maji ndani ya mapipa. Wa tatu alikuwa nahodha, mtu wa sala, ambaye aliamini kwamba Mungu aliliumba ziwa likiwa na kifuniko na mjomba alikuwa anakifunua bila ruhusa. Mjomba akizama, nahodha anaanza kuomba. Mjomba akikawia, nahodha anaomba kwa hasira, sauti ikipanda, mpaka unamhurumia Mungu.

Kazi ile ina sheria moja ambayo lazima niieleze. Mtu aliyezama sana haruhusiwi kupanda mbio. Hewa aliyoivuta kule chini imejificha ndani ya damu, na akipanda haraka inatoka povu, kama soda iliyotikiswa. Hata samaki tuliwapandisha polepole, ndani ya kikapu cha wavu kilichofungwa kwenye kamba: unavuta kidogo, unangoja, unavuta tena. Na mzamaji akishatoka majini hapandi mlima siku ile, kwa sababu juu hewa ni nyepesi na povu linaweza kuanza upya. Sasa wewe fikiria sheria hiyo Uvira, ambako mlima unaanzia nyuma ya jiko la mtu. Mama mkwe wake mjomba alikaa kule juu. Kila akimwita, jibu ni lile lile: leo siwezi, nimezama. Mama yule alikwisha kusema kanisani kwamba mkwe wake anamdharau kwa kutumia ziwa.

Siku ninayotaka kuisimulia tulikuwa tumetia nanga katika ghuba ndogo chini ya milima, kabla ya kufika mji wa Baraka. Mjomba alikuwa chini tangu asubuhi, akitokea botini kubadilisha mtungi tu. Mimi nilikuwa ufukoni nikisugua sufuria, mara vijana wenye bunduki wakatoka kwenye majani. Walivaa buti za mpira na kamba za shanga, na nikawatambua mara moja: walikuwa wale walioamini kwamba maji ya dokta wao, mganga wa vita, akiisha kuwanyunyizia, yanageuza risasi kuwa maji. Miiko yao ilijulikana pwani yote. Hawashiki mkono wa mtu wa nje, hawali sombe, yale majani ya muhogo, hawaogi kwa sabuni, hawagusi chakula kilichopikwa na mwanamke. Mkubwa wao alikuwa mtu mzima mwenye macho ya usingizi, na wote walimwita Komanda.

"Weye binti, uko hapa na nani?"

"Niko na mujomba, Komanda."

"Iko wapi?"

Nikaonyesha ziwa. "Iko mu maji."

"Anaogelea?"

"Hapana. Iko chini."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu asubuhi."

Komanda akavua kofia. Nyuma yake wote wakavua. "Pole sana, dada," akasema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kabisa. Mmoja wao akaanza kulia, sijui alikuwa amekumbuka nani. Komanda alikuwa tayari anawagawa vijana wake, hawa waende kushoto, hawa kulia, kutafuta maiti, na mimi nilikuwa nimeshika sufuria bila kujua nianzie wapi, wakati mjomba alipotoka ziwani.

Alitoka kinyumenyume. Mzamaji aliyevaa viatu vya kuogelea, vipana kama miguu ya bata, hawezi kutembea mbele, atajikwaa, kwa hiyo wote wanatoka majini wakitanguliza makalio. Vijana wale waliona kitu cheusi, kinene, chenye mtungi mgongoni, kikipanda kutoka ziwani bila kujali kutazama kinakokwenda. Waliruka wote majanini, na buti moja ilibaki kwenye tope peke yake. Komanda alibaki. Nilimsifu kwa ushujaa, ingawa alikuja kuniambia kwamba miguu ilikataa.

Mjomba akageuka, akavua miwani ya maji, akaona bunduki. "Bonjour," akasema.

"Weye iko muntu?" Komanda akauliza.

"Niko muntu, Komanda."

"Tangu asubuhi uko mu maji, na maji haikukuua?"

"Tumezoeana."

Komanda akamzunguka, akamnusa, akanusa tena, na harufu ile ya sabuni ilimshangaza kuliko mtungi. Halafu akatoa uamuzi. "Utapanda na siye mu mulima. Leo. Dokta wetu anapashwa kukuona. Muntu kama weye atatusaidia sana mu vita."

Hapo kicheko kiliniisha. Watu waliopanda mlima ule na watu wa bunduki, sisi wa pwani tuliwajua: mwalimu wa jirani yetu, watoto wawili wa shangazi, fundi baiskeli. Familia zao bado zilikuwa zinawangoja. Nilimpenda mjomba yule kuliko mtu yeyote aliyebaki kwetu, na nilimwona tayari akipotea kwenye ile njia ya majani, na tumbo lake, na povu lake la sabuni. Nilianza kulia bila aibu.

Mjomba alisema kwa sauti nyembamba ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Komanda, leo siwezi kupanda mulima. Nimetoka chini. Muntu wa chini ya maji hapandi mulima siku ileile."

Nilingoja apigwe kofi. Badala yake Komanda akainamisha kichwa na kuuliza kwa heshima: "Iko mwiko?"

Mjomba akanitazama. "Iko mwiko," akasema.

Na vichwa vyote majanini vikaitikia. Sheria ile tulikuwa tumeieleza kwa watu wa duane, yaani forodha, mpakani Kavimvira, kwa wauguzi, kwa mama mkwe, na wote walitucheka. Hawa, wanaokwenda vitani bila kula sombe, walielewa palepale. Walichotaka ni ufafanuzi tu.

"Na ukiivunja?" Komanda akauliza.

Mjomba akanipigia kelele nikavute kikapu cha samaki kilichokuwa bado chini, mbio, bila kungoja. Nikaenda kwa mtumbwi wetu wa kufikia ufuko, wa mtu mmoja, nikavuta. Samaki walitokea wamevimba, matumbo juu, macho nje, mmoja utumbo umechungulia mdomoni. Mjomba akamweka yule wa mwisho mbele ya Komanda, juu ya jiwe. "Huyu ni minye," akasema, akijigusa kifua, "kule mu mulima."

Vijana wakageuza nyuso. Kutoka botini nahodha akaongeza sauti ya sala. Basi, Komanda akasema, tutangoja mpaka kesho. Ila alipanda botini, akafungua mota, akatoa buji, ile plagi ambayo bila yake mota haiwaki, na kuitia kwenye mfuko wa shati, ili mgeni wake asisahau kuaga.

Kesho yake walipokuja, mjomba alikuwa majini. Alizama mapema, hata chai hakunywa.

"Aa! Umezama tena?"

"Ni kazi, Komanda."

"Basi, kesho."

Ikawa hivyo kila siku. Mjomba alizama ili asipande, na sisi tukawa na wageni. Kwa kuwa hawali chakula cha mwanamke, nahodha ndiye alishika mwiko wa ugali, na mimi nikakaa nyuma ya turubai nikimwelekeza kwa kunong'ona: punguza moto, ongeza unga, geuza, mpumbavu wewe, geuza. Walimsifu sana kwa upishi. Alianza kuamini, akathubutu kuniambia kwamba samaki wangu wa siku zote walikosa chumvi. Mjomba naye vidole vyake vilikunjamana visirudi tena, akawa anakohoa na kulala ameketi, na samaki wakajaa mapipani mpaka ikabidi awe anazama kuwarudisha waliozidi.

Lakini esansi ya kompresa, petroli yake, haikujazwa na mtu, na ile ya mota, iliyochanganywa na oili, kompresa haiitaki. Asubuhi moja ikakohoa, ikatoa moshi, ikazimika. Tulibaki na mtungi mmoja, na wenyewe haukujaa. Mjomba aliketi ukingoni mwa boti na nguo yake nusu kiunoni, akasema, "Mama, leo watanipandisha." Aliniita mama pale alipoogopa tu. Nikampaka sabuni.

Siku hiyohiyo dokta wa maji alishuka mwenyewe. Nilitazamia mzee mwenye ngozi ya chui. Alikuja kijana wa rika langu, makamasi yanamtoka kwa baridi ya mlimani, amebeba beseni la njano la plastiki la kuogeshea watoto. Kabla ya vita alikuwa kinyozi mjini Baraka. Alinitazama kichwani akasema nywele zangu zimekatwa vibaya, na ilikuwa kweli.

"Minye nitaingia naye," alimwambia Komanda. "Maji itasema."

Mjomba akamvalisha miwani, akampa mdomo wa hewa wa ule mtungi wa mwisho, akamwinamisha mahali maji yanapofika kiunoni. Kichwa kikaingia, makalio yakaelea. Jeshi zima lilisimama ufukoni, kofia mkononi, likitazama makalio ya dokta wake yakienda na kurudi na mawimbi. Alikawia. Mjomba akamvuta, kinyozi akainuka kidogo, akarudi chini. Mjomba akamvuta tena, kinyozi akampiga kwa kiwiko. Alipotoka alikuwa analia ndani ya miwani, maji yamefika puani.

"Samaki biko na rangi!" akasema. "Mama moja alifungua mudomo, batoto yake yote bakaingia. Bote! Akafunga." Akayarudia maneno hayo mara kadhaa, akituonyesha kwa mkono jinsi mdomo ulivyofunga.

Halafu akageuka, bado yuko ndani ya maji. "Komanda, minye sitapanda mulima. Nimezama. Iko mwiko."

Nahodha aliacha sala katikati, akainuka botini kutazama.

"Ulizama mu maji ya kiuno," Komanda akasema.

"Maji ni maji."

Komanda akamtazama mjomba. "Iko vile?"

Mjomba wangu hakuwahi kudanganya kuhusu kazi ile. Mzungu alimtia adabu hiyo mpaka mifupani. Mtu aliyeingiza kichwa kwenye maji ya kiuno anaweza kupanda hadi vilele vya Itombwe akiimba, na mjomba alilijua hilo kuliko mtu yeyote kuanzia Kalundu hadi Ubwari. Alimtazama kinyozi, ambaye bado hakutaka kutoka majini.

"Iko vile," akasema.

"Siku ngapi?"

"Muntu wa mara ya kwanza..." Mjomba akajifanya anahesabu vidole. "Mwaka."

Nilikohoa mpaka nikaketi chini. Komanda alimtazama kinyozi, akatazama beseni linaloelea, akamtazama tena kinyozi. Nadhani alijua. Mtu yule hakuwa mjinga hata kidogo, ni usingizi tu.

"Mwaka," akasema. "Basi. Na muntu wa maji akae naye, amuchunge." Akatoa buji mfukoni, akaipangusa kwenye suruali na kuiweka juu ya jiwe mbele yangu, kwa sababu asingeweza kugusa mkono wangu. Akawaamuru vijana watangulie. Wakaanza kupanda mmoja nyuma ya mwingine, yule aliyewahi kuacha buti kwenye tope mwishoni.

Yeye alibaki. Nahodha alikwisha kurudisha buji mahali pake na mota ilikuwa inawaka, kinyozi yuko botini amejifunika turubai, mjomba ananiita nifanye haraka. Komanda alisogea mpaka maji yakagusa ncha za buti zake.

"Na minye mukiniingiza," akauliza polepole, akitazama ziwa, "iko mwaka vilevile?"

"Iko vilevile, Komanda," mjomba akasema. "Hewa bado iko kidogo."

Akaketi juu ya jiwe, akavua buti moja. Mguu ulikuwa mweupe kwa unyevu, soksi imekwisha, imebaki shingo yake tu. Alichezesha vidole. Kutoka juu vijana wakaita, "Komanda! Komanda!" Akainua uso kuwatazama, wengine watoto kabisa, wamesimama njiani wakimngoja. Akavaa buti, akaigonga chini mara mbili ikae vizuri, akapanda.

Nahodha alizima mota bila kuambiwa na mtu. Tulikaa palepale tukiitazama njia ile, kama Komanda angeshuka tena, mpaka jua likawa kali, mjomba na nguo yake ya mpira mwilini, mtungi tayari mapajani.