Ngata Begani mwa Mama

Juzi sokoni Bukoba mama mmoja alitua mkungu wa ndizi karibu yangu, akavua ngata yake kichwani. Harufu ya majani makavu ya mgomba yaliyoloa jasho ikanipata pale pale, nikasahau nilichokuja kununua. Jamani, mimi nilinusa bunduki. Msinicheke. Kwetu ngata na bunduki vilikaa pamoja, na nitawasimulia kwa majivuno kabisa, maana habari yenyewe ni ya mama yangu mzazi.

Mama alikuwa askari wa wanyamapori wilayani Muleba. Mfupi, mwembamba, suruali ya kaki kaikaza kwa mkanda wa Tata, yaani baba yangu. Bunduki yake nayo ilikuwa nyepesi. Niliwahi kuishika ikiwa tupu, nikaona jembe la Bibi ni zito zaidi. Lakini ilikuwa ikipiga risasi nene, zile za kuangushia nyati. Na bunduki ya namna hiyo ina ubaya wake. Haina uzito wa kutuliza kishindo, kwa hiyo teke lote linaishia kwenye bega la mpigaji.

Likizo hiyo nilikuwa kwa Bibi, mama yake Mama, kando ya ziwa, upande unaotazamana na kisiwa cha Bumbire. Kiboko mmoja aliyejeruhiwa na mtego alikuwa amejificha kwenye matete, penye njia ya maji. Alishamkimbiza Bibi, Bibi akaponea migombani, ndoo yake ikabaki kwenye matete. Tangu hapo watu walipikia maji ya mvua, na Bibi, ambaye sikuwahi kumwona akiogopa kitu, akawa hasogelei hata shamba lake la maharage. Ikabidi kijiji kiombe askari wilayani.

Alipoteremka Mama kilimani kwa miguu, peke yake, bunduki mgongoni, wanaume wakatazamana. Mwenyekiti wa kitongoji akamwambia, kwa ule upole unaoudhi, kwamba kidude hicho kitamtupa ziwani, afadhali ampe yeye aliyepitia mgambo. Mama akamgeuzia mgongo. Aliniita mimi.

"Kemi, nisokotee ngata. Ndogo, lakini ngumu."

Nilikwanyua majani makavu kwenye mgomba wa Bibi, nikasokota kama tulivyosokota wasichana wote tukienda kuchota maji. Akaiingiza ndani ya shati, begani. Wanaume wakaangua kicheko, wakauliza tangu lini ngata ikavaliwa huko. Niliona aibu mpaka machozi yakanilengalenga.

Sisi tulizuiwa nyuma ya nyumba. Tulisikia matete yakivunjika, kisha mlio mmoja uliotikisa mabati, kisha hatukusikia kitu tena. Bibi alinibana mkono mpaka ukauma. Nilikuwa na hakika kwamba Mama amekufa. Halafu akatokea njiani, kofia hana, anatembea polepole, na mkononi ameshika ndoo ya Bibi. Mwenyekiti akaipokea ile ndoo kwa mikono miwili.

Jioni, watu wakigawana nyama, Bibi alimkanda Mama bega kwa kitambaa cha maji ya moto. Lilikuwa limevimba na kuwa jeusi licha ya ngata, na Mama alikuwa ameuma kanga asitoe sauti. Mimi nilichungulia mara moja tu, nikarudi nje kuwatambia watoto wenzangu kwamba ngata yangu ndiyo iliyoua kiboko.

Miaka yote hiyo nilidhani walimpa bunduki nyepesi kwa kuwa ni mwanamke. Siku hizi amestaafu, yuko Ijumbi, na baridi ikishuka bega halimpi usingizi. Mwaka jana nikakasirika, nikamuuliza kwa nini hakudai nyingine. Akasema nyingine ilikuwepo, nzito, wala teke lake halikuumiza hivyo, na kila safari walimsihi aichukue. Ila kwa mwili wake na vilima vile, angehitaji mwanaume wa kumbebea.

"Na anayekubebea bunduki, jioni atasimulia kwamba yeye ndiye aliyepiga."

Kumbe aliichagua mwenyewe, akijua kila risasi itamgharimu nini. Sijui mtu mwingine ninayejivunia kama huyu aliyenizaa. Nikamkumbusha kwamba hata hivyo ngata aliniomba mimi.

Akacheka huku akijikanda bega. "Na wewe ukaenda kusema ngata ndiyo iliyoua. Nilikusikia. Wewe nilikuachia sifa hiyo."