Jinsi saa yangu ya automatic ilivyoishi ukweni Kasoli bila mimi

Wakuu wa jukwaa hili, salaam kwenu nyote.

Hiki ninachoandika kimenitokea mimi mwenyewe. Mke wangu yuko hapa pembeni anasoma kila mstari, anasubiri nikosee anirukie. Kwa hiyo hata nikitaka kutia chumvi, siwezi.

Mimi ni fundi wa pampu za sola hapa Bariadi mjini, mkoani Simiyu. Si mzaliwa wa huku. Nimekulia Dodoma kwa mjomba, maana wazazi wangu walifariki nikiwa mdogo, na upande wa baba simjui mtu hata mmoja. Mjomba zamani alikuwa fundi mitambo kwenye meli. Hakuoa, hakuzaa. Mtoto wake nilikuwa mimi.

Alipofariki aliniachia saa yake ya mkononi.

Hapa mnivumilie kidogo, maana ugonjwa wangu wa saa mnaujua.

Ni automatic, sports watch, zile za wapiga mbizi. Uso wa bluu iliyokolea, bezel, yaani ile pete ya juu, ya kuzunguka, na mgongoni imechongwa namba yake kwa sababu ni limited edition. Walitengeneza chache, wakafunga mlango. Haina betri. Ndani kuna kichuma kizito, ukitembeza mkono kinazunguka, kinakaza spring, saa inakwenda. Ukiivua ukaiacha mezani, baada ya siku kama mbili inasimama.

Nyie wa saa za kuchaji na simu tulieni, mtachangia mwishoni.

Brand siitaji. Mjomba alinisimulia historia yake mpaka nikaikariri. Kwamba ilianzia kwenye milima ya baridi huko Ulaya, kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Theluji ikidondoka hawatoki nje, ng'ombe wako zizini, basi wao wanakaa dirishani wanachonga vyuma vya saa. Baadaye wakawa wanatengeneza saa za wapiga mbizi. Zikaja saa za betri, kampuni ikafa kabisa, mashine zikafunikwa maturubai. Miaka ikapita, ikafufuliwa na watu ambao si wa ukoo wa mwanzilishi, ila waliipenda kazi ile. Hii limited edition ndiyo waliyoitoa kuikumbuka ile saa ya mbizi ya zamani.

Mjomba akifika hapo kwenye kufufuliwa alikuwa anacheka peke yake. Sikujua kwa nini.

Haya, turudi Simiyu.

Nikampenda Kabula. Alikuwa anauza dawa za mifugo kwenye duka linalotazamana na karakana yetu. Tukakubaliana, akaniambia niende nyumbani kwao Kasoli nijitambulishe kwa baba yake, Mzee Ng'wandu.

Nikaenda peke yangu. Wenyeji wa huku najua mmeshashika vichwa.

Nikamkuta mzee amekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyoosha kwa sababu goti linamsumbua, pamba imejazana barazani nyuma yake. Nikapiga shikamoo, nikaongeza na "mwadila" yangu, salamu ya Kisukuma cha kuungaunga. Akaitikia vizuri tu.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu, baba."

Akaniuliza baba yangu nani, ukoo wetu wa wapi. Nikajibu nilichonacho, yaani mjomba, na mjomba mwenyewe keshafariki.

"Mimi hata ng'ombe nikienda mnadani nauliza mama yake alikuwa nani," akasema. "Wewe unataka binti yangu, na nyuma yako simuoni mtu."

Aisee, iliuma. Iliuma kwa sababu hakunionea, ni kweli nyuma yangu hapakuwa na mtu. Nikaona Kabula ndiyo huyo anaondoka hivihivi.

Nadhani niligusa saa bila kujijua, maana akaiangalia mkononi. "Na hiyo nayo inatoka kwa nani?"

Nikamsimulia yote kama mjomba alivyonisimulia mimi. Nilipofika kwenye wale wafugaji akanikatisha.

"Ng'ombe wa maziwa?"

"Ndiyo, baba."

"Wa maziwa!" Akavuta kigoda karibu. Kuanzia hapo akawa ananihoji yeye. Theluji ikianguka ng'ombe wanakula nini? Walipofunga kampuni, mashine aliachiwa nani? Nikajibu ninachojua, nisichojua nikasema sijui.

Mwisho akatoa hukumu. Nirudi mjini nikatafute watu wazima wa kunisimamia, ndipo tuzungumze. Na saa niiache pale.

"Ukiipenda hivyo utairudia. Usiporudi nitajua ulikuwa mpita njia."

Nikaivua, nikamkabidhi. Nikamwomba asiifungie sandukuni, maana ikikaa bila kutikiswa inasimama.

"Na ikisimama?"

Nikamwambia ukweli wangu. Tangu mjomba afariki ile saa haijawahi kusimama hata mara moja. Nikiugua naivaa kitandani. Nikiisikia inagonga najiona bado nina mtu.

"Nimesikia," akasema, akaitia mfukoni.

Wakuu, wiki zile zilikuwa ndefu. Mkononi nina alama ya saa, saa yenyewe haipo, kila dakika nageuza mkono kuangalia ngozi. Kabula alikuwa amerudi kwao kusubiri, na nikimpigia namuuliza habari za saa kabla hata ya habari zake, jambo ambalo ananisimanga nalo hadi leo.

"Ipo," ananijibu. "Inatembea kuliko ilivyokuwa inatembea na wewe." Halafu anacheka, anakata simu.

Mimi nikawa najiambia mzee na goti lile anatembea saa ngapi? Keshaiweka juu ya kabati. Imeshasimama, basi tu hawataki kuniambia.

Watu wazima niliwapata. Baba mwenye nyumba wangu, Mzee Salum, ana duka la vitenge pale mjini. Nilipomweleza shida yangu hakuniacha hata nimalize. "Kwa nini hukuniambia mapema? Unakaa kwangu, unakula kwangu, halafu unaenda kuchumbia kama yatima?" Akamwita mkewe, wakavaa, tukaondoka.

Kasoli tukapokelewa vizuri, tukaletewa maziwa ya mgando. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wa Mzee Ng'wandu. Hakuna saa. Nikachungulia kabatini kupitia mlangoni. Hakuna.

Nikashindwa kuvumilia. "Baba, samahani, saa yangu..."

"Iko machungani."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Leo wamepita josho," akaongeza, kwa utulivu kabisa, "wanarudi sasa hivi."

Ambao hamjafuga, josho ni ule mfereji wa dawa ya kupe. Ng'ombe anajitosa, anazama mpaka pembe, anatokea upande wa pili.

Basi kweli, jioni ile ng'ombe wakaingia. Mbele kabisa dume kubwa jeusi, wanamwita Mkandarasi kwa kuwa ndiye anayefungua njia vichakani. Shingoni ana ukanda wa ngozi, na kwenye ukanda kuna kengele.

Na pembeni ya kengele, imeshonewa kwa ustadi kabisa, saa ya mjomba wangu.

Mama Salum akasema "Yaa Rabi!"

Mzee akanyanyuka na fimbo yake, akamsimamisha Mkandarasi kwa maneno mawili ya Kisukuma, akachana uzi kwa kisu. Akaifuta saa kwenye shati lake, akaiweka sikioni.

"Mhola?" akaiuliza, kama unavyomjulia hali mtu. Akasikiliza. "Mhola duhu," akajijibu, yaani salama tu, akanipa.

Inanuka dawa ya josho. Ina mchubuko kwenye bezel, mwiba au pembe, Mungu ndiye anajua. Na inagonga, wakuu. Inagonga kama siku ile ile niliyoivua. Baadaye niliipeleka kufunguliwa, ndani kavu, hata ukungu hamna.

"Ulisema isikae," mzee akasema. "Mimi na mguu huu nakaa kutwa nzima, ningeizimisha. Nikafikiri, hapa kwangu nani hatulii? Na si ulisema ni ya wafugaji? Nikampa huyu. Ndiye ninayempenda kuliko wote zizini, kila jioni yeye namwangalia wa kwanza. Ningempa nani mwingine?"

Nikaivaa.

Akakaa, akamgeukia Mzee Salum lakini maneno yalikuwa yangu. "Nilimuuliza kijana wako anatoka kwa nani. Huyo aliyemfundisha kutunza kitu namna hii ndiye niliyekuwa namuulizia. Nimeshamjua. Tuzungumze."

Wakazungumza, na Mzee Salum alikaa upande wangu kama baba mzazi. Kabula ndiye huyu hapa anayenisomea begani.

Njiani kurudi ndipo nikaelewa kwa nini mjomba alikuwa anacheka akifika pale kwenye kufufuliwa: kumbe hata asiye wa ukoo anaweza kukuinua ukasimama tena, kama yeye alivyonilea mimi, na kama Mzee Salum siku ile.

Nilichojifunza: ukimweleza mzee wa huku jambo, mweleze lote, maana atalifanyia kazi. Mimi nilisahau kumwambia kuwa saa hiyo hata ikisimama unaitikisa tu inaamka. Sijamwambia hadi leo, na nyie msimwambie.

Ule mchubuko jamaa mmoja alitaka kuupiga polish, nikamkatalia. Na nikienda Kasoli, mkwe kabla hajaniamkua anashika mkono wangu, anaweka saa sikioni, anaijulia hali kwanza. Mimi nafuata.

Wenye saa za urithi leteni stori zenu, na wanaotaka kubisha kuhusu water resistance wabishe, mimi ushahidi ninao.

Kabula anasema nimeruka sehemu niliyolia mbele ya ng'ombe. Haya, nililia. Karibuni.