Blanketi Juu ya Kompyuta

Kuitwa mwizi mimi siwezi. Niite mkali, niite mdomo mrefu, nitacheka. Lakini mwizi, hapana! Ndiyo maana wiki ile nusura niipige shoka kompyuta yangu.

Ilikuwa miaka ile mitumba ya kila aina ilipoanza kutufikia Sumbawanga, mpaka ya kompyuta. Nilinunua moja, nzito kama jiwe la kusagia, nikaiweka sebuleni kwa mama, mtaa wa Katandala, nilikokuwa naishi naye. Ndani yake mlikuwa na programu ya hesabu za nyumbani. Bati za nyumba ile zilikuwa zimeoza, na ndugu zangu walikuwa wakinitumia michango ya kuezeka upya. Kila shilingi iliyoingia na kutoka niliiandika humo tu. Mbao nilinunua kwa wapasuaji wa porini, watu wasiojua risiti. Kaka yangu anayekaa Matai alinicheka: "Hela za watu unazitunza kwenye televisheni?" Nikamwambia asubiri kikao cha Jumapili, ataona.

Basi Ijumaa mchana, upepo wa Juni unakata masikio, nikaiacha kompyuta inawaka, nikatoka mara moja kwenda sokoni. Narudi naikuta imefunikwa blanketi gubigubi, imechemka, kioo cheusi tii.

"Nimeisikia inatetemeka, mwanangu," mama akasema kwa upole. "Nikaona ina baridi."

Nilipoiwasha tena iliwaka. Kilichogoma ni faili la hesabu: limeharibika, halifunguki. Yesu wangu! Na kikao keshokutwa, si wataniita mwizi? Nilipiga kelele mpaka jirani akachungulia. Nikamfokea mama yangu mzazi, nikalivuta lile blanketi na kulitupa kwenye kiti. Mama alikwenda zake jikoni, na chakula cha jioni hakukigusa.

Jumamosi nilishinda na kitabu cha maelekezo, Kiingereza kitupu, kamusi pajani. Faili nikalijaribu hivi na vile, wapi! Mchana ndipo nikafika kwenye ukurasa niliokuwa nauruka siku zote. Kumbe programu ile, kila unapoifunga vizuri, huacha nakala ya akiba, jina lilelile ila herufi tatu za mwisho ni tofauti. Nikaitafuta. Ipo! Imekaa zake kimya, ya Alhamisi jioni. Nikainakili kwanza kwenye disketi, maana nilikuwa siamini tena mtu wala kitu, kisha nikabadilisha zile herufi na kufungua. Mbao, fundi, michango, vyote vikajipanga. Kilichokosekana ni misumari ya bati niliyonunua Ijumaa asubuhi, nikaiandika upya. Jamani, nilijipigia vigelegele peke yangu.

Jumapili baada ya misa ndugu wakajaa sebuleni.

"Shikamoo kaka," nikasema. "Karibu kwenye televisheni."

Nikamsomea mstari kwa mstari mpaka salio, nikamletea kopo la fedha, akahesabu mwenyewe. Zikalingana. Akajikuna kisogo.

"Haya, mdogo wangu, umenishinda."

"Sema kwa sauti kaka, wa nyuma hawajasikia!"

Akarudia, nyumba nzima ikaangua kicheko. Nilijisikia mkubwa siku ile, acha tu. Hata wifi yangu, ambaye hanipendi, alinipa mkono.

Mama peke yake hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, amejitanda kanga mbili.

"Kwa hiyo sikuiua?" akauliza polepole.

"Hukuiua, mama. Nzima kabisa."

"Basi naomba blanketi langu. Baridi imenitesa tangu juzi, lakini niliogopa kuligusa."

Lilikuwa palepale kwenye kiti nilipolitupa. Blanketi zito mle ndani lilikuwa hilo moja, la kitandani kwake, na mimi katika hasira zangu wala sikujiuliza limetoka wapi. Nikalichukua, nikamfunika mabegani mbele ya ndugu zangu wote, nikamwomba radhi kwa sauti ileile niliyomfokea nayo. Kesho yake asubuhi nikaenda kununua bati.